Meza ya Kukatia na Siku za Mama Pacha

Nyumba ile ina vyumba vitatu, lakini familia huishi zaidi katika chumba cha mbele. Hapo ndipo wanaposhona. Cherehani mbili ziko dirishani. Nguo zilizokamilika zinaning'inia kwenye kamba. Sakafuni kuna nyuzi za kila rangi, na ukitoka humo, hata uwe mgeni wa dakika mbili, utaondoka na uzi umekuganda kwenye soksi.

Katikati ya chumba kuna meza kubwa ya kukatia. Meza hiyo si meza tu. Katika nyumba ile, anayesimama mezani ndiye anayeongea na wateja. Ndiye anayekubali kazi au kuikataa. Ndiye anayesema nguo itakuwa tayari lini. Waliokaa kwenye cherehani hushona walichokatiwa, na wakiwa na malalamiko huyanong'oneza kwenye sindano.

Aliyesimama mezani miaka yote ni Bibi. Mwanawe, Baba Pacha, alijifunza kutambaa chini ya meza hiyo. Sasa Baba Pacha ana mke na mabinti wawili mapacha. Mmoja anaitwa Kelele kwa sababu hanyamazi. Wa pili anaitwa Kimya, na hilo halihitaji maelezo.

Asubuhi moja Bibi aliweka mkasi chini, akafuta miwani yake kwa pindo la gauni.

"Mwezi ujao naenda kwa dada yenu kupumzika," alisema. "Miguu imechoka kusimama. Macho ndiyo usiseme. Jana nimeona mstari mmoja nikakata miwili."

"Na meza, mama?" Baba Pacha aliuliza.

"Meza atachukua mkwe wangu. Au tutatafuta mkataji kutoka nje."

Cherehani ya Mama Pacha ilisimama ghafla.

"Mkataji kutoka nje wa nini, mama? Mimi nina kasoro gani?"

Bibi alimtazama kwa upole. "Mwanangu, mikono yako sina shaka nayo. Unakata vizuri kuliko mimi, na nikisema hivyo ujue inaniuma. Lakini kila mwezi kuna siku hukamatiki. Siku hizo unaamua mambo kama mtu anayezima moto. Meza haitaki hivyo. Simama mezani mwezi huu nikuangalie, kisha nitasema."

Mama Pacha alirudisha macho kwenye cherehani. Aliitaka meza ile tangu siku aliyoingia nyumba hiyo. Na alijua Bibi hakusema uongo.

Siku zikapita vizuri. Kisha ikaja asubuhi ambayo Mama Pacha aliamka na kiuno kizito kama amebeba gunia usiku kucha. Usingizi ulikuwa wa vipande vipande. Matiti yalimuuma. Hata sauti ya kijiko kwenye kikombe ilimkera.

Wa kwanza kumkuta alikuwa mchuuzi wa vifungo. Alifungua sanduku lake mlangoni. Mama Pacha aliona vifungo vya njano vyenye umbo la bata, akatabasamu kwa mara ya kwanza siku hiyo. Alinunua mfuko mzima.

"Mama Pacha," mumewe alisema polepole, "wateja wetu wengi ni watu wazima. Nani atavaa bata?"

"Nimevipenda. Umeridhika?"

Wa pili walikuwa mapacha. Wikiendi hiyo walikuwa na mashindano ya mpira wa pete shuleni. Walikuwa wakijifunza kurusha humohumo chumba cha mbele kwa mpira wa soksi. Mpira ukaangukia bakuli la pini. Pini zikamwagika kila mahali.

"Hakuna kwenda mashindano!" Mama Pacha alisema.

"Mama, tutaziokota!" Kelele alilia. "Zote! Hata zilizopotea zamani!"

"Nimesema hakuna!"

Kimya alipiga magoti akaanza kuokota, machozi yakidondoka juu ya pini.

Wa tatu alikuwa mama wa mgahawa wa barabara ya pili. Huyu alikuja na marobota mawili ya kitambaa cha bluu. Alitaka sare za wahudumu wake wote, suruali na mashati, tena haraka.

Mama Pacha alishika kitambaa. Alikivuta, akakinyanyua kwenye mwanga wa dirisha. Alilowesha kidole gumba kwa mate, akasugua.

"Sishoni hiki," alisema.

"Kwa nini?"

"Hakifai. Peleka kwingine."

"Ama kweli! Nimekuletea kazi, wewe unanifukuza?" Mama wa mgahawa aliondoka kwa hasira, marobota akiyaacha palepale kwa sababu yalikuwa mazito. "Nitatuma mtu aje kuyachukua!"

Bibi aliona yote. Jicho lake lilimtisha Mama Pacha kuliko maneno.

Baba Pacha, kwa upande wake, alikuwa na jibu. Wiki iliyopita alikuwa akipiga pasi huku anasikiliza redio. Daktari alikuwa anazungumza. "Katika siku zinazotangulia hedhi," daktari alisema, "baadhi ya wanawake hupata mabadiliko ambayo—" Hapo umeme ukakatika. Baba Pacha hakusikia sehemu iliyobaki, kwa hiyo aliimalizia mwenyewe kichwani.

Alimvuta Bibi pembeni. "Mama, ni zile siku zake. Zikifika, akili inakwenda likizo. Daktari kasema redioni."

"Daktari kasema hivyo?"

"Karibu hivyo. Sasa dawa ni rahisi. Siku hizo asishike mkasi wala asiongee na mteja. Nitasimama mezani mimi."

"Wewe?" Bibi alimtazama mwanawe juu hadi chini. "Wewe ulimkatia mtu koti la mikono mitatu."

"Nilikuwa kijana, mama."

Basi Baba Pacha akauficha mkasi mkubwa juu ya kabati. Akamfuata mama wa mgahawa mbio mpaka barabarani, akamwambia kazi imekubaliwa. Waliahidiana kwamba kesho yake atakuja kuona suruali moja ya mfano. Mama Pacha aliposikia, uso ulimwiva. Alikwenda chumbani, akalala na chupa ya maji ya moto tumboni. Maumivu ya tumbo yalikuwa yameanza. Lakini maumivu ya kunyang'anywa mkasi yalizidi.

Baba Pacha alifanya kazi kwa bidii. Hakula mchana. Kitambaa kilikuwa na uso na mgongo, na kila mkataji anajua kwamba ukikata mguu wa kulia, lazima ugeuze karatasi ya kipimo kabla ya kukata wa kushoto. Baba Pacha alitandika kitambaa tabaka mbili, nyuso zote juu, hakugeuza chochote. Akakata kwa mkasi mdogo. Akashona mpaka jasho likamtoka. Kisha akainua suruali ile mbele ya Bibi.

Bibi aliitazama. Akavua miwani. Akaivaa tena.

"Mwanangu, hii miguu yote miwili ni ya kulia."

"Haiwezekani."

"Labda wahudumu wa yule mama wanatembea kwa kuzunguka."

Kelele alianguka sakafuni kwa kicheko. Hata Kimya alijiziba mdomo.

Wakati huo huo mlango ukagongwa. Aliingia Nesi, jirani wa nyumba ya tatu. Anafanya kazi kwenye zahanati ya mtaa, na alikuja kuongezewa kiuno cha sare yake.

"Shikamoo Bibi. Mnacheka nini? Na huyo mwenye vipimo vyangu yuko wapi?"

"Marahaba mwanangu. Yuko chumbani. Yuko kwenye siku zake, kwa hiyo tumemwondoa mezani."

Nesi alisimama. "Mmemwondoa? Anaumwa sana?"

"Anaumwa, ndiyo. Lakini tumemwondoa kwa ajili ya akili," Baba Pacha alieleza, suruali bado mkononi. "Si mnasema wenyewe, siku hizo mwanamke hawezi kuamua?"

"Nani kasema?"

"Redio."

"Yote ulisikiliza?"

Baba Pacha alikohoa. "Umeme ulikatika."

Nesi alivuta kiti, akaketi. "Mwite mkeo. Sitamzungumzia mtu aliye nyuma ya ukuta."

Mama Pacha alitoka na chupa yake ya maji ya moto, uso mkavu. Mapacha walitaka kutoka nje, lakini Nesi akawaita wakae. "Ninyi mna miaka kumi na miwili. Haya ni yenu pia."

Kisha akaanza kueleza, kwa sauti ileile anayotumia zahanati, isiyo na haraka.

"Kila mwezi mwili wa mwanamke hujiandaa kupata mimba. Mji wa mimba unajitandikia ukuta laini ndani. Mimba isipoingia, ukuta ule hutoka pamoja na damu. Hiyo ndiyo hedhi. Kazi hii yote inaongozwa na homoni. Homoni ni kama wajumbe ndani ya damu. Wanapeleka habari: jenga, ngoja, bomoa. Kwa wengine mzunguko mmoja ni wiki nne. Kwa wengine unapungua au kuzidi kidogo, na si ugonjwa."

"Na hao wajumbe ndio wanaomgombeza mtu kwa sababu ya pini?" Kelele aliuliza.

"Kelele!" Bibi alifoka.

"Mwache, Bibi, swali zuri," Nesi alisema. "Siku chache kabla ya hedhi, homoni hizo zinashuka. Wanawake wengine hawasikii chochote. Wengine wanachoka. Wanakosa usingizi, wanakereka upesi, wanatamani vitu vitamu au kununua kitu cha kuwafurahisha."

Macho yote yakageukia mfuko wa bata. Mama Pacha aliuangalia ukuta.

"Na wengine," Nesi aliendelea, "siku za katikati ya mzunguko wanajisikia wepesi na wenye nguvu. Hao nao wana shida yao. Wanakubali kila kitu."

"Huyo ni yeye pia!" Baba Pacha alidakia. "Kuna wiki alikubali kazi za mtaa mzima! Tulishona mpaka vidole vikafa ganzi!"

"Kwa hiyo nilisema kweli," Bibi alisema polepole. "Siku hizo hawezi kuamua."

"Hapana, Bibi. Hapo ndipo watu wanapokosea. Wataalamu wamepima uwezo wa wanawake kufikiri na kukumbuka, katika siku mbalimbali za mzunguko. Hawakuona kwamba akili inapungua. Akili iko palepale. Kinachoweza kubadilika ni usingizi, maumivu, hamu na subira. Hivyo vinamsukuma mtu yeyote anapoamua. Hebu niambie, Baba Pacha. Umekula mchana?"

"Sijapata nafasi."

"Umelala vizuri?"

"Mawazo ya kazi hii yaliniamsha mapema."

Nesi alichukua ile suruali, akaigeuza mbele na nyuma. "Na wewe uko kwenye siku zako?"

Chumba kizima kililipuka kwa kicheko. Baba Pacha mwenyewe alicheka mpaka akaegemea cherehani.

Mama Pacha peke yake hakucheka. "Nesi," alisema, "wanacheka, lakini mimi nataka kujua. Nilichoamua asubuhi, kilikuwa changu au cha homoni?"

"Sijui. Wewe ndiye utakayejua. Chukua uamuzi mmoja mmoja, ujiulize sababu yake. Kama sababu ni ile hali uliyokuwa nayo, ungoje mpaka upumzike, uangalie tena. Kama sababu iko nje yako, na mtu mwingine anaweza kuiona, basi simama nayo. Hata kama uliisema kwa ukali."

Mama Pacha alifikiri. Aliwatazama mabinti zake.

"Mashindano," alisema. "Pini zimeshaokotwa. Sababu ilikuwa kiuno changu. Mtakwenda."

Kelele alipiga yowe. Kimya alikuja kumkumbatia mama yake na kubaki hapo.

"Bata," Mama Pacha aliendelea, "nakiri. Bata walikuwa homoni. Tutavishona kwenye nguo za watoto wachanga, vitaisha."

"Na kitambaa?" Bibi aliuliza. Macho yake hayakumwacha.

"Kitambaa, hapana, mama. Hapo sigeuki. Nilipokinyanyua kwenye mwanga niliona nyuzi zimeachana kama chujio. Nilipokisugua, rangi ilibaki kwenye kidole changu. Kikifuliwa kitasinyaa, na kitachuja. Sababu iko kwenye kitambaa. Haiko tumboni mwangu. Kosa langu ni kwamba sikumweleza yule mama. Nilimfukuza."

"Maneno matupu," alisema Baba Pacha, lakini bila nguvu.

"Lete suruali yako."

Mama Pacha aliitumbukiza ile suruali yenye miguu miwili ya kulia kwenye ndoo ya maji ya moto na sabuni. Maji yakawa ya bluu kama wino. Aliikamua, akaikausha kwa pasi. Kisha akamwambia mumewe aivae juu ya suruali yake. Iliishia chini kidogo ya goti, tena imepinda upande mmoja. Baba Pacha alipojaribu kutembea alionekana anakwenda sokoni na kurudi nyumbani kwa wakati mmoja.

Bibi hakucheka safari hii. Alipanda juu ya kigoda, akachukua mkasi juu ya kabati, akauweka mezani mbele ya mkwe wake.

"Nesi," alisema, "na hayo maumivu? Mimi nilifunga kitambaa kiunoni nikanyamaza. Miaka yote."

"Usimfundishe kunyamaza, Bibi. Maumivu madogo ni ya kawaida. Joto la chupa kama hii linasaidia, kutembea kidogo pia. Kuna dawa za maumivu, lakini aulize zahanati ipi inamfaa, na jinsi ya kuitumia. Maumivu yanayomlaza mtu kila mwezi yanatakiwa kupimwa. Damu ikiwa nyingi mpaka pedi inajaa ndani ya saa moja au mbili, au mtu akiingiwa na huzuni nzito asione faida ya kuishi, asingoje hata kesho. Aje siku hiyohiyo."

Mama wa mgahawa alipokuja kesho yake kuona suruali ya mfano, Mama Pacha ndiye aliyempokea. Kwanza alimwomba radhi kwa ukali wa jana. Pili alimwonyesha ndoo, maji bado ya bluu, na suruali iliyofupika. Mama wa mgahawa alisonya kwa nguvu.

"Aliniapia kwamba hakichuji! Yule muuza vitambaa atanitambua leo." Aliita mchukuzi ayabebe marobota, na baada ya siku chache akarudi na kitambaa kizito, kizuri.

Mama Pacha alikwenda zahanati. Walimpima, wakampa dawa na kumweleza aitumie lini. Nyumbani alianza utaratibu wake mwenyewe. Alichukua utepe wa zamani wa kupimia, akautundika nyuma ya mlango wa chumba. Siku ya kwanza ya hedhi alichomeka pini kwenye namba moja. Kila asubuhi aliisogeza namba moja mbele. Baada ya mizunguko kadhaa aliweza kuona ni namba zipi zinamchosha na namba zipi zinamfanya akubali kazi za mtaa mzima.

"Leo pini iko wapi?" Baba Pacha alijaribu kuuliza siku moja, Mama Pacha alipomwambia chumvi imezidi.

"Pini ni yangu. Na chumvi imezidi."

Baba Pacha alionja tena. Kweli, ilizidi. Tangu hapo hakuuliza habari za pini. Badala yake alijifunza kuuliza jambo lenye faida zaidi: "Umekula? Nikushikie nini?" Mwenyewe naye alianza kula mchana. Hajashona tena miguu miwili ya kulia.

Mezani nako mambo yalibadilika. Mteja akileta jambo zito siku ambayo Mama Pacha amechoka, alimsikiliza mpaka mwisho, akachora kwa chaki, halafu akasema, "Chaki inafutika, mkasi haufutiki. Njoo kesho nikujibu." Siku zile za wepesi alifanya vilevile, na hilo lilikuwa gumu zaidi kwake. Lakini jambo likiwa wazi, alijibu papo hapo, siku yoyote, na kueleza sababu.

Mwezi wa Bibi kuondoka ukafika, ukapita. Bibi alisogeza safari mara mbili. Alisema anasubiri miguu ipone. Ukweli ni kwamba alikuwa anaangalia, na hakuna aliyethubutu kumuuliza kuhusu meza.

Siku moja asubuhi alitoka chumbani na kifurushi. Ndani yake kulikuwa na kitambaa cha hariri cha rangi ya zambarau. Marehemu mumewe alimletea kutoka safari ya mbali, na hakuwahi kupata ujasiri wa kukikata. Alikiweka mezani.

"Nikatie gauni la kusafiria," alisema.

Baba Pacha alisimamisha cherehani. Mama Pacha alirudi nyuma hatua moja.

"Mama, kitambaa hiki hakina mwenzake. Nikikosea hakuna kingine."

"Najua."

"Na leo..." Mama Pacha alishusha sauti. "Leo ni moja ya siku zangu nzito. Ngoja hata kesho kutwa."

"Umelala?"

"Nimelala."

"Dawa umekunywa?"

"Nimekunywa, na nimekula."

"Unaujua mwili wangu ulivyo?"

Mama Pacha alimtazama mkwewe, mabega, kifua, kiuno, mgongo ulioinama kidogo upande wa kushoto. "Naujua."

"Basi unangoja nini?"

Mama Pacha alitandika hariri mezani. Aliilainisha kwa viganja. Alichora kwa chaki, akapima, akafuta sehemu ya bega, akachora upya. Hakuharakishwa na mtu. Kisha akachukua mkasi mkubwa.

Bibi alikwishakaa dirishani na kikombe chake cha chai, uso umeelekea barabarani. Alisikia mkasi ukiingia kwenye hariri. Hakugeuka kuangalia.

"Mwanangu," alimwambia Baba Pacha, "niulizie basi la kesho kutwa linaondoka saa ngapi."